Mkwaju wa Mkwajuni

Siku ya kwanza tulikuja wanne, na mmoja wetu alidhani ni kikao cha upatu. Alikuja na elfu tano yake mkononi, akauliza nani anapokea mwezi huu. Nilipomwonyesha mche uliopandwa kwenye sufuria lililotoboka, alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama ndugu yake aliyeanza kuongea peke yake.

"Kaka, shughuli yenyewe ndiyo hii?"

Nikasema ndiyo hii. Akakaa. Mpaka leo sijui kwa nini alikaa. Labda ni jua, maana mwembe wetu wa maskani, hapa Mtoni kwa Azizi Ali, una kivuli cha maana.

Msomaji, usicheke. Mimi mwenyewe nilianzia kwenye kitabu kisicho na jalada, nilichokinunua kwa wauza vitabu vya mtumba kule Posta kwa bei ya chai na chapati mbili. Ndani kulikuwa na picha za miti mizee iliyokaa kwenye vyungu vifupi kama masinia. Bonsai, Wajapani ndivyo wanavyoiita, ingawa ufundi wenyewe waliutoa kwa Wachina zamani sana. Mti mmoja ulininyima usingizi. Ni msonobari mweupe ulioanza kulelewa mwaka 1625. Bomu lilipoangukia Hiroshima mwaka 1945, mti huo ulikuwa uani kwa familia moja, kama kilomita 3 tu kutoka pale, ukapona. Mwaka 1976 mwenyewe, Masaru Yamaki, akawapa Wamarekani zawadi, wakaupeleka Washington. Wala hakujisifu kwamba umepita kwenye moto. Wenyeji wake wapya walikuja kujua mwaka 2001, wajukuu wa mzee walipokwenda kuusalimia mti wa babu yao.

Nikawaza, sisi je? Mji wetu huu umejaa miti kwenye majina tu. Mkwajuni, Mwembechai, Mikocheni, Mivinjeni, Mwembeyanga. Konda anaita "Mkwajuni wa kushuka!" na hakuna anayenyanyua macho kutafuta mkwaju. Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona ni bomba kweli kweli: tuwe na chama, na kila mwanachama alee mti wa kituo chake cha daladala.

Washikaji wa kijiweni walinicheka wiki nzima. Waliobaki ni hawa: fundi mota wa jirani, kijana mmoja anayesoma ufundi VETA Chang'ombe, yule dada wa upatu, ambaye kumbe anauza maua barabarani huko Kinondoni, na mimi, ambaye wakati huo nilikuwa nimechacha vibaya na sina kituo cha kazi zaidi ya hicho kivuli. Uenyekiti nilijipa mwenyewe. Jina la chama hatukuwahi kukubaliana.

Usidhani mti wa bonsai ni aina ya mti mfupi. Ni mti wa kawaida kabisa, ukiuacha ardhini utakuwa mkubwa. Kinachouweka mdogo ni chungu, mkasi na mkono wa mtu. Unakata mizizi minene unaacha ile laini, unapunguza matawi, unafunga waya kwenye tawi unalotaka lielekee upande fulani, na unautoa waya kabla haujazama kwenye gome. Kitabu kilitaka vifaa vya dukani. Sisi tulikuwa na fundi mota. Waya wa shaba wa mota zilizoungua anao mpaka wa kumwaga. Tuliuchoma kwenye jiko la mkaa ukawa mwekundu, ukapoa, ukawa laini kama uzi. Udongo tulichanganya mboji na chenga za matofali ya kuchoma, maji yasituame. Matundu ya sufuria tukayaziba kwa kipande cha chandarua chakavu. Kijana wa VETA alifurahi sana na ule waya, akapinda tawi likalia ka! Samaki mkunje angali mbichi, wazee wamesema, lakini hawakusema unaanza na kidole gani.

Mkwaju wenyewe aliuona dada, Mkwajuni hasa, umeota kwenye ufa wa ukuta uliokuwa unabomolewa. Shina nene kama kifundo cha mkono, umejikunja huku na huku kwa shida za miaka, mtu usingeweza kuutengeneza hivyo kwa makusudi. Tulichanga elfu kumi tukawapa vijana wa pale, tukauchimba wote wanne siku ya mvua za masika za 2021. Tulizungushia mizizi gunia bichi, tukapanda nao daladala. Konda akasema mti nao una nauli. Dada akamjibu, "Mpakate basi, mtoto hana nauli." Gari zima likacheka. Siku ile ndiyo niliyojua kwamba tuna chama.

Ulishika. Vijani vyake vilitoka vidogo vidogo, na usiku vinajikunja kama vinasali. Nilikuwa naamka kuvitazama.

Wa pili ulikuwa mbuyu. Kijana wa VETA aliutoa kwao Dodoma, una unene wa dole gumba na tumbo chini kama mtu mzima. Tukauweka kwetu, kwa mwenyekiti. Bibi yangu alikataa kata kata.

"We mtoto, mbuyu una wenyewe. Ukilala ndani humu, mimi nahama."

"Bibi, miti hii hailali ndani. Inataka jua."

"Basi huko huko kwenye jua na wenyewe."

Ikaja Oktoba 2022. Mto Ruvu ulikuwa umepungua vibaya, mgao wa maji ukatangazwa, na mitaani kwetu dumu la maji likawa kitu cha kupangia foleni na kununiana. Mama alipanga madumu yake mlangoni, amehesabu, hili la kupikia, hili la Bibi kutawadhia. Na mbuyu wangu ulikuwa umepukutisha majani yote. Nikaogopa. Usiku, watu wakilala, nikawa nachota kikombe kimoja kutoka dumu la pili, naupelekea mti. Baadaye vikombe viwili.

Kumbe ndiyo nauua. Mbuyu ukipukutisha majani umelala, hautaki maji, na ukiuloanisha unaoza kuanzia chini. Kitabu changu kilikuwa cha misonobari, hakikuniambia hayo, lakini Mgogo yeyote angeniambia kama ningeuliza. Asubuhi moja niliubonyeza tumbo, kidole kikazama kama kwenye kiazi kilichooza.

Sikusema. Wenzangu walipouliza nikasema umepumzika tu, utachipua vuli ikishika. Niliusimamisha kwenye chungu chake, nikauegemeza na waya kwa nyuma. Miezi miwili nikatunza maiti.

Wakati huo mkwaju ulikuwa Kinondoni kwa dada, kwa sababu yeye ana bomba la jirani linalotoa siku mbili kwa wiki. Januari akaja kwenye kikao hana mkwaju. Akaketi, akatoa bahasha, akaiweka juu ya mkeka.

"Nimeuza," alisema. "Mtu alisimamisha gari, akaupenda. Laki moja na themanini. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, mimi na mwanangu tulikuwa tunatolewa vitu nje. Humo mna elfu sitini. Nyingine nitalipa."

Jamani, nilichonga siku ile! Nikasema mkwaju haukuwa mali ya mtu mmoja, nikasema uaminifu, nikasema chama kimekufa. Fundi mota ananitazama tu. Dada hakujitetea. Aliinama akawa anachezea ncha ya khanga yake, na mimi nikaendelea kuongea, kwa sababu kadiri nilivyozidi kupaza sauti ndivyo nilivyozidi kuusikia ule mbuyu nyuma ya nyumba.

Kijana wa VETA akaniuliza kwa upole, "Mwenyekiti, mbuyu umechipua?"

Nikanyamaza. Halafu nikaenda kuuleta. Nilipoutoa waya ukalala wenyewe ubavu juu ya mkeka, pembeni ya bahasha, ukatoa harufu.

Nikaeleza yote, na ya maji pia. Nilitegemea watasimama waondoke. Fundi mota ndiye aliyecheka wa kwanza, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka. "Mwenzio kauza mti kapata kodi," akasema, "wewe umeua kwa maji ya mama yako. Sasa hapa nani mwizi?" Kijana wa VETA hakucheka. Mti ulikuwa wa kwao. Aliuchukua akaenda kuuzika mwenyewe karibu na mtaro, hakurudi kwenye mkeka, na ilimchukua mwezi na zaidi kunisalimia vizuri.

Ile elfu sitini tulimrudishia dada nusu. Alikataa, tukamwekea kwenye mkoba.

Jioni nikamwendea Mama, nikamwambia habari ya dumu la pili. Alikuwa anapembua mchele, hakuinua uso.

"Mwanangu, unadhani nilifikiri linapungua lenyewe?" Akapembua kidogo. "Nilikuwa nahesabu. Madumu saba. Sikutaka kukuuliza, nilitaka nione utakaa nayo mpaka lini."

Madumu saba nililipa, moja moja, nikibeba mwenyewe kutoka kisimani. La mwisho lilifika wakati masika inaanza, na jioni ile ile dada akapiga simu. Ameona mkwaju mwingine, huko huko Mkwajuni, kwenye mtaro, mdogo kuliko wa kwanza na umekaa vibaya. Niende na gunia. Nikampigia kijana wa VETA kumuuliza kama atakuja. Akasema atakuja, ila mti safari hii usiwekwe kwa mwenyekiti.