Kabla ya kuuza mbuzi kwa ajili ya kompyuta ya mtoto

Mbuzi wanne. Ndivyo kijana mmoja anayehariri video za harusi na kipaimara pale Haydom alivyomhesabia mama yake aliyeko Yaeda Chini, kwa simu, baada ya shikamoo na habari za mvua. Kompyuta yake, aliyoinunua ikiwa imeshatumika ofisini kwa watu, ilikuwa inakesha kutoa video moja. Wateja walishaanza kunung'unika. Fundi alimwambia dawa yake ni kuongeza kadi ya picha, ile ambayo mafundi huiita grafiki kadi.

Mama hakukataa. Aliuliza tu: "Mwanangu, ukiongeza ng'ombe wa maziwa zizini, majani yanabaki yale yale ya jana?"

Kijana alinyamaza kidogo, maana hapo ndipo penyewe. Kadi ya picha inakula umeme, na anayeilisha ni pawasaplai, lile boksi la chuma lililo nyuma ya sipiyu, pale unapochomeka waya unaotoka ukutani. Linapokea volti 230 na kuzishusha, hasa kuwa volti 12. Wazazi wengi wanaoombwa hela ya kadi hawatajiwi boksi hilo. Linakuja kutajwa baadaye, kompyuta ikishaanza kujizima katikati ya kazi.

Kadi aliyoitaka ni GTX 1660 Super, iliyotoka mwaka 2019. Inakula wati 125, na watengenezaji wake wanashauri pawasaplai ya wati 450. Kompyuta yake ilikuja na ya wati 290. Ukijumlisha kadi hiyo, prosesa ya wati 84, na kama wati 50 za diski, feni na vikorokoro vingine, unafika karibu 260. Kwa hesabu ya haraka inaonekana inatosha. Lakini kadi za picha huruka ghafla na kuvuta zaidi kwa kitambo kidogo, na pawasaplai iliyofanya kazi miaka mingi ofisini haina tena nguvu za ujana. Tena kadi hiyo inahitaji waya wake wa pini nane kutoka kwenye pawasaplai, na kompyuta nyingi za ofisi hazina waya huo. Wapo mafundi wanaounga kwa kiunganishi kutoka waya wa diski. Usikubali. Waya ule haukutengenezwa kubeba mzigo huo; unachemka, plastiki inayeyuka, na moto huanzia hapo.

Fundi alikuwa na jibu lake: pawasaplai mpya ya wati 600, kwa bei ya mbuzi mmoja asiyenona. Kijana akapiga picha karatasi iliyobandikwa ubavuni, akaituma nyumbani kwa WhatsApp ili mama aone thamani ya hela yake. Aliyeisoma ni mdogo wake wa kike, wa kidato cha tatu, ambaye fizikia ya umeme bado ilikuwa mbichi kichwani. Kwenye safu ya volti 12 paliandikwa ampia 18. Binti akazidisha: 12 mara 18 ni 216.

Wati 216, si 600. Zilizobaki, kama zipo, zimehesabiwa kwenye volti 5 na volti 3.3, ambazo kompyuta ya sasa hazihitaji kwa wingi. Prosesa na kadi zote zinanyonya kwenye ile 12. Kwa hiyo boksi "kubwa" lilikuwa dogo kuliko lile kuukuu lililokuwa ndani. Namba kubwa iliyoandikwa mbele haina maana mpaka usome safu ile. Na ukilishika mkononi likawa jepesi kama kopo tupu, rudisha dukani kabla ya kulipa. Nzuri huwa na uzito, kwa sababu ndani kuna shaba na vipoza joto vya kweli.

Kuna mambo mawili ya usalama ambayo mzazi hahitaji fundi kuyaangalia. La kwanza, baadhi ya pawasaplai, hasa za zamani, zina swichi ndogo nyekundu nyuma yenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni 230. Swichi ikiachwa kwenye 115 ukawasha, utasikia mlio kama wa baruti, na moshi. La pili, mtoto asilifungue boksi hilo hata likiwa limechomolewa. Ndani kuna kapasita zinazoweza kubaki na zaidi ya volti 300 baada ya waya kutolewa ukutani, na mshtuko wa namna hiyo unaweza kuua. Feni ikijaa vumbi, na vumbi la bonde la Yaeda kiangazi halihitaji kuelezwa, ipulizwe kutoka nje. Vijana wengi hulala chumba kimoja na kompyuta. Angalau chandarua kisiguse mgongo wake ikiwa inafanya kazi.

Tukirudi kwa mbuzi. Fundi mwingine, safari hii mzee mmoja anayetengeneza redio, alimwonyesha kijana kadi ndogo zaidi, GTX 1650. Inakula wati 75, na nyingi za aina hiyo hazihitaji waya wa ziada. Zinanyonya kwenye tundu lilelile zinapochomekwa. Jumla inashuka hadi kama wati 210, na pawasaplai ile ya zamani inapumua. Kijana alinuna, maana rafiki zake wa Arusha wana kubwa. Mama akauza mbuzi wawili. Video ya harusi sasa haimalizi usiku mzima.

Ombi jipya limeshakuja. Masika barabara ikiharibika anataka kuhamishia kompyuta nyumbani, aifanyie kazi kwa sola. Binti amepiga hesabu tena: betri yao ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ya risasi na asidi ukiimaliza kupita nusu unaiua mapema, kwa hiyo 600. Kompyuta ikivuta 200, hata saa tatu hazifiki, kwa sababu na inveta nayo inakula yake. Na betri hiyohiyo ndiyo inayowasha taa ya kusomea na kuchaji simu za majirani, ambazo hulipa. Mama amesema aje, ila kwanza aseme simu za watu zitachajiwa wapi.