Mkaa wa Mifupa

Nilipoitwa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 2013, mama alifurahi kuliko mimi. Yeye alikuwa akipanga waridi kwa urefu wa mashina katika shamba moja la maua hapa kwetu Karagita. Mimi nilitaka shahada tu, kisha niage Njoro, kilipo chuo. Kile chuo Lord Egerton alikianzisha mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa masetla, na hata baada ya kuwa chuo kikuu mwaka 1987 sikuona kinanihusu nini.

Mwaka wa pili wenzangu wakanisukuma niwe mwakilishi wa darasa. Cheo chenyewe ni utumwa mtupu: kukusanya kazi, kujua nani kaishiwa na analala njaa. Ila kilinifikisha kwenye kikundi cha kujitolea, nacho, kati ya sehemu zote, kikaamua kuja Karagita.

Tulikuja kwa ajili ya meno. Maji ya visima vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkeno na kubeba floridi nyingi, hivyo meno ya mtoto huharibika yangali ndani ya ufizi, na baada ya kuota hugeuka kahawia. Kuchemsha hakusaidii. Jimbo Katoliki la Nakuru lilikuwa limeanza kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa, nasi tukaja na kimoja. Nilikifungua juu ya benchi, punje nyeusi zikamwagika kiganjani kama majani ya chai. Mama mmoja jirani, aliyenijua tangu nikitambaa, akauliza ni mifupa ya mnyama gani. Nikamwambia ng'ombe. Akakubali kuonja.

"Mkaa huu huchoka," nilimwambia, "lazima ubadilishwe."

"Basi nyinyi wa Egerton mtarudi lini?"

Nyinyi wa Egerton! Na ndiye aliyenibeba mgongoni. Nikajibu mwezi ujao, bila kumuuliza mtu. Kuanzia hapo ikawa ni mimi mlangoni pa ofisi za chuo, naomba basi, maana jina la chuo nilikuwa nimeliweka rehani kwetu.

Enzi hizo kila komredi, yaani mwanafunzi, alipiga kura yake mwenyewe kuchagua viongozi wa wanafunzi, na usiku wa kamukunji, mkutano wa kampeni, hakuna aliyelala. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yakaleta wajumbe: wanafunzi waliwachagua wao, nao wakachagua viongozi. Waliosifu walitaja utulivu. Mimi naona asiyemchagua mwenyekiti wake hana sababu ya kumpigania wala kumdai.

Mpwa wangu aliingia Njoro chini ya utaratibu huo. Siku moja nikamuuliza nani mwenyekiti wao, akacheka, hakumjua. Wiki iliyofuata akapiga simu: "Anko, tunakuja Karagita Jumamosi. Basi tumepata, mafuta bado." Nikamtumia kwa M-Pesa, nikamwambia waanzie ploti za nyuma ya kanisa, kule mkaa ulikuwa haujabadilishwa siku nyingi.