Gari Hutazamwa Chini

Fundi aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa taratibu. "Limeshawashwa leo," aliniambia kwa sauti ya chini. "Dizeli ikiwa na taabu ya kuwaka, mwenyewe huipasha moto kabla mnunuzi hajafika. Tuage, twende zetu." Tukamuaga dalali pale Tegeta, tukapanda basi la Bagamoyo.

Nilikuwa nimedunduliza miaka minne kwa ajili ya gari la fowili. Natamani kuiona nchi yangu mahali basi lisipofika: Ziwa Natron, Katavi, Kitulo wakati wa maua. Nilikwishakagua magari matano kwa macho yangu, na yote nilikuwa nimeyapenda. Ndipo ndugu yangu mmoja akanisihi nisilipe hata shilingi bila kuwa na fundi.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilomita 70 hivi. Tulipopita Bunju, Mapinga na Kerege nilikuwa nikiwaza misafara ya zamani. Bagamoyo ndiko ilikojiandaa. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au karibu na hapo, kwa mwendo wa miezi hadi Tabora na Ujiji. Kamba iliyolegea ilifungwa upya hapahapa pwani, maana mbele kulikuwa na safari ndefu.

Mwenye gari alikuwa mzee mstaafu, anakaa karibu na Mji Mkongwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Sijaligusa tangu jana, mtalikuta baridi."

Fundi alishika boneti. Kweli, lilikuwa baridi.

Lilikuwa Land Cruiser la 1996, lile refu la milango miwili, rangi yake nyeupe imefifia kwa jua. Namba yake ilikuwa ya herufi A, lakini Fundi alinitahadharisha: herufi ya namba hukuambia gari lilisajiliwa lini nchini, haikuambii lilitengenezwa lini. Hakuzunguka kutazama rangi wala viti. Alitandika gunia, akalala chali chini ya gari na nyundo ndogo mkononi.

Ngo, ngo, ngo. Alianzia mbele, akaifuata fremu shubiri kwa shubiri. Huku pwani, alieleza akiwa kulekule chini, chumvi hula chuma kimyakimya. Gari lililobeba samaki, au chumvi ya Nunge, linaweza kung'aa juu na huku chini limeoza. Wapo wanaopaka rangi nyeusi nzito kufunika kutu. Nyundo haifichwi kitu: chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Karibu na springi ya nyuma, upande wa kushoto, mlio ukafifia. Akagonga tena. "Hapa pameanza kuliwa. Patachomelewa, lakini mzee ajue tumepaona."

Mzee hakukasirika. "Marehemu baba alikuwa fundi wa majahazi," alisema. "Chombo alikitazama mkuku na mataruma. Tanga likichanika hushonwa." Nikakumbuka vyombo nilivyoviona vimepandishwa ufukweni, mafundi wakikwangua chini, wakiziba nyufa kwa kalafati ya pamba na mafuta, kisha wakipaka shahamu na chokaa. Watu wa pwani walikuwa na elimu hii kabla gari la kwanza halijafika.

Injini ikawashwa. Moshi mweusi kidogo, kisha ukakatika. Haukuwa wa bluu, ambao ungetuambia inakula oili. Fundi alifungua kifuniko cha oili kutafuta utando kama maziwa, dalili ya maji kuingia kwenye injini, hakuuona. Ile ni 1HZ, silinda 6, cc 4,164, haina tabo wala kompyuta, na mafundi wa vijijini wameizoea. Mzee alitaka milioni 30. Ile kutu na shokapu mbili zilizokufa zikaishusha hadi 27. Tulilinganisha namba iliyogongwa kwenye chesisi na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Jumatatu tukasaini mkataba mbele ya wakili, nikaanza taratibu za TRA za kubadili umiliki.

Jumamosi alfajiri tuliianza safari ya kwanza. Tulifuata barabara ya Msata, tukavuka Ruvu, na Makurunge tukakata kulia kuelekea Saadani. Masika yalikuwa yameisha wiki mbili tu. Udongo wa huko ni mweusi, wa mfinyanzi. Ukikauka hupasuka, ukilowa hung'ang'ania tairi. Penye bonde moja gari lilizama. Nilivuta fowili, nikakanyaga mafuta kwa hasira, magurudumu ya nyuma yakachimba kaburi lake.

"Toa mguu," Fundi aliniambia. Tukashuka. Alinionyesha loki za magurudumu ya mbele: sikuwa nimezifunga, kwa hiyo nguvu yote ilikuwa ikienda nyuma. Tukazizungusha kwa mkono, tukapunguza upepo, tukachimbua matope kwa koleo. Nikaingiza gia nzito, nikaachia klachi polepole bila kukanyaga mafuta. Gari lilitambaa, likatoka.

Alasiri tuliiona bahari. Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ni ya pekee kwetu: wanyama wa nyika wanafika hadi ukingoni mwa Bahari ya Hindi. Maji yalikuwa yametoka, mchanga mgumu umelala mpana, nami nikatamani kuendesha juu yake. Fundi alikataa. Maji yakirudi hayamngojei mtu, na chumvi ingepenya mpaka kwenye difu. Tena kasa hutaga katika fukwe za hifadhi hii, kama kule Madete. Tairi likipita juu ya kiota, mayai huharibika chini ya mchanga. Tuliliacha gari chini ya mti, tukaenda kwa miguu hadi majini.

Tuliporudi Bagamoyo kesho yake, nilimwaga maji baridi ya kisima chini ya gari kwa saa nzima, hadi matope ya mwisho yakatoka. Kisha nikatandika gunia, nikamwomba Fundi nyundo yake. Nilianzia mbele kama yeye. Ngo, ngo, ngo. Upande wa kushoto, karibu na springi ya nyuma, niliisikia kwa masikio yangu ile sauti iliyofifia. Nikapawekea alama ya chaki. Natron na Katavi vitangoja mpaka pale pachomelewe.