Sekunde Nne za Babu

Ufunguzi wa filamu ya kusisimua una kazi moja: kumtia mtazamaji hofu ya kitu ambacho bado hakijui. Mradi wetu wa muhula ulikuwa huo tu, dakika mbili za mwanzo pamoja na majina ya washiriki. Tulikuwa wanne. Mmoja aliongoza, mmoja alishika kamera, mmoja aliigiza, na mimi nikaachiwa kompyuta.

Hadithi ilikuwa nyepesi. Msichana anarudi hosteli usiku, umeme umekatika, kuna mtu anamfuata. Kwa kuwa tulirekodi kwenye hosteli tunayoishi, Sinza, tulimwomba mlinzi, ambaye sote tunamwita Babu, akae palepale anapokaa kila siku, kwenye kiti chake cha plastiki getini, amwangalie msichana akipita. Ndivyo muswada ulivyosema: mlinzi anaangalia. Babu alivaa koti lake la kazi, akaangalia kwa sekunde nne. Kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu 100.

Mwongozaji alipoziona akasema, "Huyu ndiye muuaji wetu. Tangulize ile shoti ya kisu." Nikaunganisha: kisu, uso wa Babu, mgongo wa msichana. Nikacheza. Mzee anayetufungulia geti usiku na kutuuliza kama tumekula alikuwa amegeuka mtu wa kutisha, na uso wake haukuwa umebadilika hata chembe.

Darasani tulishafundishwa habari za Lev Kuleshov, mwongozaji wa Kisovieti aliyechukua uso uleule mtulivu wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na kuuambatanisha na sahani ya supu, jeneza, kisha mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, huzuni na tamaa. Maana haikuwa usoni. Ilikuwa kwenye kiungo kati ya shoti moja na nyingine. Lakini Mozzhukhin alikuwa nyota wa filamu, na kuigiza ndiyo kazi iliyomlisha. Babu analinda geti, katika mji ambao kelele moja ya "mwizi!" inaweza kumtoa mtu roho kabla hajaulizwa jina. Na video yetu, tulijua, ingefika kwenye simu za mtaa mzima kabla ya kufika kwa mwalimu.

Mwongozaji alikuwa na hoja. Waigizaji wanacheza wauaji kila siku, na filamu isiyo na mtu wa kumwogopa si ya kusisimua. Ni kweli. Ila mwigizaji anaukubali uuaji wake kabla ya kamera kuwashwa. Nikapendekeza tumuulize mwenyewe.

Jioni nikaibeba kompyuta hadi getini. "Shikamoo, Babu." "Marahaba, mwanangu." Akatazama mara mbili bila kusema neno. Kisha akasema, "Huyo ni mimi. Lakini hicho kisu mimi sikukiona." Akakaa kimya kidogo, akaongeza, "Na wajukuu zangu wana simu."

Mwongozaji alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakubishana tena, ila alitaka kujua hofu tutaitoa wapi.

Jibu moja tulilipata kwenye *Jaws* ya mwaka 1975. Papa wa mashine aliharibikaharibika kwenye maji ya chumvi, Steven Spielberg akalazimika kumficha, na mhariri Verna Fields akaijenga hofu kwa maji, nyuso na kusubiri. Alipata Oscar kwa kazi hiyo. Jibu la pili lilikuwa kwenye klipu zetu wenyewe. Mwisho wa shoti ya Babu, baada ya mwongozaji kusema "kata", kamera ilikuwa bado inarekodi. Babu alisikia kitu barabarani, akageuza shingo na kukazia macho gizani. Hakuwa anaigiza. Alikuwa kazini.

Nikakiondoa kisu. Nikamwacha msichana apite kwanza, nyayo zake zisikike zikififia kuelekea ndani. Chini yake nikaweka ngurumo ya jenereta la jirani, halafu nikaikata ghafla, kama inavyotokea mafuta yanapoisha. Ndani ya ukimya huo nikaingiza nyayo nyingine, za kandambili, nilizozirekodi kwa simu kwenye korido ya ghorofa ya pili. Ndipo Babu anageuza shingo. Hatuonyeshi anachokiona. Skrini inakuwa nyeusi, jina la filamu linatokea.

Nilipowaonyesha wenzangu, yule aliyeigiza msichana alishika mkono wa kiti. Uso wa mtu mbaya ungempa mtazamaji mahali pa kuiegesha hofu yake. Uso wa mlinzi aliyeshtuka unamwacha bila pa kuiweka. Kama hata Babu ameogopa, nani atafunga geti?

Tulimpelekea toleo hilo kabla ya siku ya kukabidhi. Safari hii aliangalia mara moja, akacheka, akasema hata yeye angependa kujua ni nani yule wa kandambili. Halafu akauliza kama kwenye filamu majina huandikwa. Nikamwambia huandikwa. Akaomba kalamu, akaandika nyuma ya daftari lake la wageni jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa herufi kubwa, ili nisikosee hata moja.