Ndovu wa Galana

Picha yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja, na kingo zake zimekatwa menomeno kama zilivyokuwa picha za zama hizo. Ndani yake wamo ndovu watatu waliosimama kando ya maji. Ilipigwa Agosti 1971 kwenye Mto Galana, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Tsavo, na kwa zaidi ya nusu karne ilitundikwa katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, uso wake ukiwatazama wageni na mgongo wake ukiutazama ukuta.

Mtoto wa miaka tisa aliyekuwamo katika safari ile leo ni babu. Kisa chake cha Galana hakuna asiyekijua pale barazani kwao: ndovu kwa makumi, wametulia, gari likawasogelea wasishtuke, masikio hayakutikisika. Na kila alipokisimulia alikimalizia kwa lawama. Zamani nchi ilikuwa na ndovu. Siku hizi watu wamekula kila kitu. Oktoba 2022 akaamua kurudi kukitazama kisa chake kwa macho ya utu uzima. Alifuatana na dadake mkubwa, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na mitano wakati ule, na mjukuu wake, ambaye naye sasa ametimiza miaka tisa.

Safari ya 1971 ilikuwa ya gari la kuazima. Mama aliamka alfajiri kuchoma mahamri, na baba, karani aliyekuwa mwangalifu wa kila senti, aliweka petroli ya akiba katika dumu. Walisimama Mackinnon Road, kwenye msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, wakasoma fatiha kama wafanyavyo wasafiri wengi wa njia ile. Baada ya lango la Voi mtoto aliona nchi nyekundu isiyo na jani. Mibuyu ilikuwa imetobolewa matumbo, na miti ya ukoo wa manemane imelala chini, mizizi juu. Ndovu nao walikuwa wekundu, kwa kuwa ndovu wa Tsavo hujipaka udongo wa nchi yao. Walipofika Galana, karibu na Maporomoko ya Lugard, ndipo alipouliza mbona hawatembei. Baba akamjibu: "Wanapumzika."

Asiyeijua historia ya mbuga ile hawezi kuona uzito wa jibu hilo. Tsavo ilitengwa mwaka 1948, nchi ya zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na Wata, wawindaji wa upinde ambao kwa vizazi vingi walikuwa miongoni mwa walioleta pembe pwani, wakageuzwa majangili katika pori la babu zao. (Sisi wa mwambao tuliozinunua pembe hizo, na ambao Siwa la Pate ni fahari yetu, hatukuulizwa neno.) Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 ndovu wa Tsavo na pande zake walikadiriwa kuwa 35,000 hivi, na walikuwa wakiyamaliza malisho. Mtaalamu Richard Laws alitaka baadhi yao wapunguzwe kwa bunduki. David Sheldrick, mlinzi mkuu wa Tsavo Mashariki, akashikilia kwamba nchi iachwe ijipime wenyewe. Ikaachwa. Mvua za 1970 na 1971 zilipokosekana, walikufa zaidi ya 5,000. Kiu siyo iliyowaua. Majike wenye watoto hawakuweza kwenda mbali na mto, na kando ya mto majani yalikuwa yamekwisha. Wakafa njaa huku maji yakiwapita miguuni. Baadaye wakaja majangili wenye bunduki, na hesabu ya 1988 ikakuta wamebaki takriban 5,400. Kwa hiyo lawama ya yule babu ilikuwa na ukweli ndani yake, ila kisa chake alikianzia pabaya.

Hayo hakuyajua alipoitoa picha katika fremu ili aichukue safarini. Ndipo alipoona kwamba mgongoni ina maandishi ya babake, Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kama walivyoandika wazee wengi wa mwambao: mwandiko wa mbio, bila irabu, wino umeparara. Mstari wa kwanza ulimtii: Ndovu wa Galana. Wa pili ulimshinda nusu. Alisoma "wana njia", akaona ni maneno mazuri, akayabeba hivyo hivyo hadi ndani ya treni.

Treni ya siku hizi hupita juu ya tuta refu, na ndovu huvuka chini yake katika vivuko walivyoachiwa. Mjukuu alikuwa amegandisha paji la uso kiooni. Walipokwisha kuiacha Mariakani, dada aliiomba ile picha, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga. Alikaa nayo kitambo.

"Si njia," alisema. "Nukta zimekudanganya. Ni njaa."

Kisha akamsomea mstari mzima. Wana njaa. Mdogo asiambiwe.

Babu aliigeuza picha upande wa ndovu. Ubavu wa yule wa katikati ulikuwa unahesabika, na ngozi ya kiunoni imening'inia kama nguo ya kuazima. Aliitazama miaka yote hiyo asione.

"Nawe ulijua?"

"Mimi niliambiwa," alijibu dadake. "Nilikatazwa kulia mbele yako."

Hawakusemezana tena mpaka Voi.

Mwaka ule, kama ilivyosadifu, mvua zilikuwa zimekosekana misimu minne mfululizo. Mwezi uliofuata serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 wamekufa nchini tangu Februari. Nchi ilikuwa nyekundu vile vile. Dereva waliyemkodi, Mtaita mwenye maneno machache, aliwapeleka hadi Galana kwa saa mbili za vumbi, na huko walikuta ndovu jike na mtoto wake chini ya mkoma. Wawili tu. Jike alikuwa ameinamisha kichwa, mkonga umegusa mchanga.

"Babu, mbona haendi?"

Neno lililomjia kinywani lilikuwa la babake. Lilifika hadi kwenye meno. Dadake alikuwa akimtazama kutoka kiti cha nyuma.

"Ana njaa," akasema.

"Lakini maji yapo."

"Maji hayaliwi, mwanangu," dereva alimjibu.

Mtoto alifikiri, kisha akalivuta kopo la mahamri lililokuwa baina ya miguu ya bibi, akalifungua. Dereva akamwambia kwa upole kwamba sheria ya mbuga hairuhusu. Bibi hakumpokonya. Kopo lilibaki wazi mapajani mwa mtoto, harufu ya iliki imejaa garini, hadi walipogeuza kurudi Voi.