Tofali Alibeba Nani?

Ilikuwa wiki yangu ya tatu ya TP, kidato cha pili, kipindi cha Historia. Mada ilikuwa kuja kwa wamisionari, na mimi nilijiamini kupita kiasi. Mtu wa Chala, tena mtoto wa Ufipa aliyekua akiamshwa na kengele ya misa, nani angenibabaisha? Nikaandika ubaoni, kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka, kwamba makanisa ya kwanza kwetu yalijengwa na mapadre kutoka Ufaransa. Mtoto mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, tofali alibeba nani?"

Darasa likacheka. Nikasema hilo tutalirudia kipindi kijacho. Wanachuo wenzangu wa ualimu, mnajua maana ya sentensi hiyo.

Jibu la kitabuni nilikuwa nalo. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Mfaransa Lavigerie, walikabidhiwa kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Kabla yao kilikuwa cha Wabelgiji, waliokianzisha 1879, tena kwa umbo la ngome. Kwa hiyo kwetu sala ilianzia ndani ya boma. Kuanzia 1891 aliyeongoza ni Askofu Adolphe Lechaptois, Mfaransa, hadi alipofariki 1917. Lakini hata huko Karema, daktari wa misheni alikuwa Adrian Atiman, mwana wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa udaktari Malta, akafika 1889 na kutibu watu mpaka uzeeni. Neno "Wafaransa" nililoliandika ubaoni lilianza kunibana.

Maktaba nikasoma na upande wa pili, wa kule walikotoka. Katika mji wa kawaida wa Ufaransa kanisa la parokia liko katikati na nyumba zimelizunguka. Ya zamani zaidi, ya karne ya 11 na 12, yana matao ya nusu duara, kuta nene na madirisha madogo, kwa sababu ukuta ndio unaobeba kila kitu. Baadaye wakajifunza tao lililochongoka na nguzo za kuegemeza ukuta kwa nje, madirisha yakapanuka, mwanga ukaingia. Kilichonifurahisha mimi ni Toulouse na Albi, kusini, ambako makanisa makubwa ni ya tofali za kuchoma, maana udongo mzuri ulikuwa karibu kuliko mawe ya kuchonga. Mfipa yeyote angewaelewa. Sisi udongo tulikuwa tunauchoma kabla hatujamwona padre: nendeni Nkasi mkaone malungu, zile tanuri za kuyeyushia chuma, ndefu kumzidi mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Mtu aliyejenga lungu hakufundishwa na Mzungu tabia ya udongo motoni. Tao na timazi labda ndiyo alifundishwa.

Jambo jingine (hili nilisimulia hosteli, hakuna aliyeniamini): Ufaransa, makanisa mengi ya parokia yaliyojengwa kabla ya sheria ya 1905 ni mali ya halmashauri ya mji. Paa likivuja, diwani anaulizwa. Kwetu paa likivuja inaulizwa jumuiya ndogondogo, na jumuiya inauliza mahindi yako.

Likizo ya Juni nikapanda basi. Chala mwezi huo baridi haina huruma, tukakaa jikoni. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu, umekonda." Baba yake bibi alikuwa fundi mwashi, alijifunza kwa mabruda. Hilo nililijua, ila sikuwahi kuuliza zaidi. Nilikuja na majibu yangu mawili mfukoni: ama atasema walionewa, ama atasema walifanya kwa imani, na lolote kati ya hayo lingenipa kipindi kizuri.

Hakusema hata moja. Alisema baba yake alilipwa kitambaa, na kwamba wanawake walibeba maji na udongo kwa vichwa, na hao hakumbuki kama walilipwa. Akacheka alipokumbuka fundi aliyejenga ukuta ukapinda, ukabomolewa mara mbili. Nikamuuliza ni kanisa lipi. "Lile lenye kengele." Bibi, yote yana kengele. Akataja misheni moja, baada ya chai akataja nyingine, kisha akaniita kwa jina la baba yangu.

Timazi ipo. Ni ile chuma nzito aliyokuwa akiniwekea juu ya mfuniko wa sufuria nikiwa mtoto, panya wasile maharage. Miaka yote nilijua ni jiwe la jikoni.

Nilimrekodi kwa simu dakika kumi na moja. Tatizo ni kwamba kadiri alivyozama kwenye habari ndivyo alivyohamia Kifipa, na Kifipa changu ni cha salamu na kuomba chakula. Yule mtoto wa dawati la nyuma bado namdai kipindi, TP imeisha. Shangazi amekubali kunitafsiria, ila anasema vocha kwanza, na bumu halijaingia.