Kiganja Juani, Kiganja Kivulini

Siku mpiga picha alipomzika mzee aliyemfundisha kazi, pale Mkuyuni, waliomwomba apige picha walijua ndiye mwanafunzi wake wa mwisho. Waombolezaji walikaa chini ya turubai, jeneza jeupe likiwa nje juani. Kabla ya kugusa kamera akanyoosha kiganja. Vijana wenye simu wakatazamana.

Utoto wake hauna mengi: shule ya msingi, kuuza dagaa, kisha miaka ya 80 studioni kwa mzee, akifagia na kukata picha za paspoti. Filamu ilikuwa na picha 36, na kila aliyoiharibu ilikatwa kwenye posho yake. Kwa hiyo hakuanza na watu. Mzee alimpeleka kwenye bustani ya mchicha kando ya ziwa, akatandaza shati jeupe juu ya udongo mweusi, akasema, "Kijana, nataka vyote viwili vionekane."

Picha zikatoka mbaya. Mita ya kamera haijui shati wala udongo; chochote inachoelekezewa hukichukulia kuwa kijivu. Ukipima shati, linafifia na udongo unazama. Ukipima udongo, shati linaungua.

Dawa ya mzee ilikuwa kiganja. Kipime juani, kisha fungua lenzi hatua moja: mita ikisema f/11, weka f/8. Nyuso za watu hutofautiana mno kwa weusi na weupe, viganja si sana. Na nyuso zetu hazikuwa na mtetezi: kwa miaka mingi kadi za Kodak za kusawazishia rangi maabara, zilizoitwa "Shirley", zilikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu.

Ugomvi ulianzia chini ya migomba ya bustani ile. Mwanafunzi alisema kiganja kiingie kivulini uliko uso wa bibi harusi. Mzee akakataa: gauni la harusi limegharimiwa, likiungua nani atalipa? Walibishana hivyo miaka mingi, na picha zilimpa haki mwanafunzi, kwa kuwa negativu husamehe mwanga uliozidi.

Kisha ikaja dijitali. Mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera ya namna hiyo mwaka 1975. Januari 2012 kampuni hiyohiyo ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Kwenye dijitali, cheupe kilichoungua hakirudi. Mzee, ambaye hakuwahi kuishika, akawa sahihi. Nanyi vijana mnaoachia simu iwalainishe watu nyuso na kuwang'arisha, hata hamjui mmepoteza nini. Ubishi wenyewe hamjaufikia.

Msibani mwanafunzi alipima kiganja juani, akapiga. Jeneza likaonekana hadi mikunjo ya kitambaa, nyuso zikazama. Akaingia chini ya turubai, akanyoosha kiganja tena, akapiga ya pili: nyuso zikatoka, jeneza likaungua.

Mjane alichagua ya pili.